Kujitayarisha Kabla ya Wimbi: Darasa juu ya Maradhi ya Kuenea na Watu Wenye Nyenzo Chache

Twapenda darasa letu la mara hii liwe juu ya jambo ambalo watu wameanza kulisahau, nalo ni maradhi ya Korona, yaliyotangazwa kuingia Kenya tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza kuwa hali ya dharura imekwisha, na tangu hapo mazungumzo yake yamepungua mabarazani. Nasi twaona kuwa wakati huu wa kusahau ndio khasa wakati wa kusoma, kwa sababu mtu aliye katikati ya mafuriko hana nafasi ya kujifunza kuogelea.

Suala tunalotaka kulijibu ni hili: Yakija maradhi kwa wimbi, yaani wagonjwa wengi kwa mara moja, watu wasio na mali nyingi wala mahospitali makubwa wafanye nini? Majibu mawili husikika sana. La kwanza ni la wale wasemao, "Sisi ni maskini, hayo ni kazi ya mataifa tajiri." La pili ni la wale wasemao, "Lililoandikwa halifutiki, basi ya nini kujisumbua?" Majibu haya, ingawa moja limevaa nguo ya umaskini na la pili limevaa nguo ya dini, yote mawili humfikisha mtu mahali pamoja, napo ni kuketi na kungoja. Twataka kuonyesha kuwa yote mawili hayasimami, na ushahidi wetu tutautoa katika wilaya moja maskini ya India, iitwayo Nandurbar.

Wimbi ni nini?

Kwanza yatupasa tufahamu kwa nini wimbi huua zaidi kuliko maradhi yenyewe. Tuchukue mfano wa hospitali yenye vitanda 60, na tuseme kila mgonjwa hulala siku 10 ndipo atoke. Hospitali hiyo yaweza kupokea wagonjwa 6 wapya kila siku, mwaka mzima, bila ya mtu kukosa mahali. Sasa tuseme maradhi yameenea, wakawa waingiao si 6 bali 30 kwa siku. Siku ya pili jioni vitanda vyote 60 vimejaa, wala hakitoki kitanda kimoja mpaka siku ya kumi. Katika siku hizo zilizobaki kila siku watu 30 watafika mlangoni na kurudishwa. Hawa waliorudishwa hawakuuawa na ukali wa maradhi peke yake. Wameuawa na hesabu.

Kwa hivyo kila jambo la kupambana na wimbi laingia katika milango miwili tu. Mlango wa kwanza ni kupunguza waingiao, kwa kujitenga, kufunika pua na mdomo, kuchanja na kuacha mikusanyiko. Mlango wa pili ni kuongeza mahali pa kuwapokea: vitanda, wauguzi, magari na oksijeni. Mwenye kushughulika na mlango mmoja akauacha wa pili amefanya nusu ya kazi.

Yaliyoifika India

Mwanzo wa mwaka 2021 watu wengi wa India waliamini kuwa maradhi yamekwisha. Mwezi wa Februari wagonjwa wapya walishuka hata wakawa kiasi cha 10,000 kwa siku katika nchi nzima, na kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 1,300 hiyo ni idadi ndogo. Mikutano mikubwa ya siasa ikarudi, na mikusanyiko ya ibada ikarudi. Kisha ikaja aina mpya ya virusi iliyokuja kupewa jina la Delta, na mwanzo wa mwezi wa Mei wagonjwa wapya walioandikwa kwa siku moja walizidi 400,000.

Delhi, mji mkuu wa nchi, wenye mahospitali makubwa na madaktari mabingwa, ulikosa oksijeni. Sababu yake yafaa izingatiwe. Oksijeni katika India haikuwa haba kwa jumla, lakini sehemu kubwa yake ilikuwa ikitengenezwa katika viwanda vya chuma vya mashariki ya nchi, mbali zaidi ya kilomita 1,000. Ili kuichukua masafa hayo ni lazima igeuzwe kuwa maji kwa kupozwa mpaka nyuzi 183 chini ya sufuri, na itiwe katika magari maalumu, na magari hayo yalikuwa machache. Basi mali ilikuwako na mwenye kuihitaji alikuwako, na baina yao palikuwa na njia ndefu na magari haba. Serikali ikaanza kupakia magari hayo juu ya treni, lakini wakati huo jamaa za wagonjwa walikuwa wamekwisha kuzunguka mji mzima na mitungi mitupu mikononi, na hospitali nyingine zilikuwa zikihesabu saa zilizobaki.

Mwaka 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kuwa watu waliokufa India kwa sababu ya maradhi hayo na misukosuko yake, katika mwaka 2020 na 2021, ni kiasi cha milioni 4.7. Serikali ya huko iliikataa hesabu hiyo, kwani yake ilikuwa chini ya nusu milioni. Hata tukiichukua hesabu ndogo, ni msiba usio na mfano.

Wilaya ya Nandurbar

Sasa tuiache Delhi twende magharibi, katika mkoa wa Maharashtra, kwenye pembe yake ipakanayo na Gujarat na Madhya Pradesh. Hapo ndipo ilipo wilaya ya Nandurbar, iliyokatwa kutoka wilaya ya Dhule mwaka 1998. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilikuwa na watu kiasi cha milioni 1.65, na katika kila watu 10, karibu 7 ni wa makabila ya asili ya nchi, waitwao Waadivasi. Vijiji vingi vimo milimani kwenye safu ya Satpura na kandokando ya mto Narmada, na vingine havifikiwi na gari. Kwa umaskini huhesabiwa miongoni mwa wilaya za chini kabisa katika mkoa wake. Madaktari ni wachache na hospitali ni chache. Lau mtu angaliambiwa mwaka 2019 achague baina ya Delhi na Nandurbar mahali pa kuugua, asingalifikiri mara mbili.

Mkuu wa wilaya katika miaka hiyo alikuwa Rajendra Bharud, mtoto wa kabila la Wabhil, aliyesomea udaktari kabla ya kuingia katika kazi ya serikali. Wimbi la kwanza la mwaka 2020 halikuwa kubwa katika wilaya yake, kwani siku iliyokuwa mbaya kabisa waliandikwa wagonjwa kiasi cha 190. Lakini yeye alitazama yaliyokuwa yakitokea katika nchi nyingine, Marekani na Brazil, akauliza: Yakija kwetu kwa kiasi hicho, oksijeni tutaitoa wapi? Mwezi wa Septemba 2020, ule wimbi lilipokuwa dogo, akasimamisha mtambo wa kwanza wa kutengeneza oksijeni hospitalini. Miezi ya mwanzo ya 2021, watu wengine walipokuwa wakisema kuwa maradhi yamekwisha, yeye akaongeza mitambo mingine. Fedha alizikusanya kutoka mafungu mbalimbali: fungu la maendeleo ya wilaya, fungu la maafa la mkoa, na michango ya makampuni.

Mwezi wa Aprili wimbi likaja. Wagonjwa wapya wakafika kiasi cha 1,200 kwa siku, yaani mara sita kuliko siku mbaya ya mwaka uliotangulia. Mitambo ilikuwa tayari imesimama na vitanda vimekwisha kutandikwa. Katika wiki zile zile ambazo mji mkuu ulikuwa ukilia, wilaya hii ya vijijini ilikuwa na vitanda vitupu, na wagonjwa kutoka mikoa ya jirani wakawa wanakuja kutafuta matibabu kwake. Hatusemi kuwa hapakuwa na misiba, kwani walikufa watu. Twasema kuwa hawakufa kwa kukosa kitu ambacho kingaliweza kutayarishwa.

Mtambo na hesabu yake

Ndugu msomaji, huenda ukadhani kuwa mtambo huo ni kitu cha ajabu kisichowezekana kwetu. Hebu tueleze kazi yake. Hewa tuivutayo ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika 100, na iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Mtambo huivuta hewa hii, ukaishindilia kwa nguvu, ukaipitisha katika punje za madini ziitwazo zeolaiti. Punje hizi hushika naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite, kisha nguvu ikilegezwa huiachia naitrojeni itoke nje, na kazi ikaanza upya. Kinachopatikana ni hewa yenye oksijeni zaidi ya sehemu 90 katika 100, inayopita katika mabomba mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa. Haihitaji kiwanda cha chuma wala gari la kilomita 1,000. Yahitaji umeme, fundi na vipuri.

Sasa tuhesabu. Mgonjwa ahitajiye lita 10 kwa dakika hutumia lita 14,400 kwa siku moja. Mtungi mkubwa huchukua lita kiasi cha 7,000, basi mtungi mmoja hautimizi saa 12 kwa mgonjwa huyo. Wagonjwa 60 wa namna hiyo watataka mitungi zaidi ya 120 kwa siku, ya kubebwa, kujazwa na kurudishwa. Mtambo wa kwanza wa Nandurbar ulikuwa wa kutoa lita 600 kwa dakika, yaani kuwatosheleza wagonjwa hao 60 usiku na mchana bila ya mtungi hata mmoja kubebwa. Tazama tofauti baina ya mwenye kisima uani kwake na mwenye kungoja muuza maji.

Kutunza kilichopo

Jambo la pili walilofanya ni dogo kwa kulitazama, lakini sisi twaliona ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Oksijeni ikiisha kupatikana, hupotea kwa njia nyingi. Mgonjwa aliyepata nafuu na kuhitaji lita 3 huachwa na bomba la lita 10. Mwingine hula au huenda chooni, kifuniko kikabaki kitandani kikivuma. Nandurbar wakaweka wauguzi ambao kazi yao khasa ni oksijeni: kupita kitanda kwa kitanda kwa saa zilizopangwa, kupima kiasi kilicho katika damu ya kila mgonjwa, na kupunguza au kuongeza kwa kadiri ya haja. Watu wakawaita wauguzi wa oksijeni. Serikali ya mkoa ilipoona jinsi upotevu ulivyopungua, iliamrisha mpango huo ufuatwe katika wilaya nyingine.

Haya hayakutaka mashine mpya. Yalitaka mtu mmoja aliyefundishwa, kifaa kidogo cha kupimia kidoleni, daftari, na amana. Maskini akishika hesabu ya kilichomo mkononi mwake huweza kumshinda tajiri asiyejua alichonacho.

Jambo la tatu ni watu. Madaktari walikuwa wachache, kwa hivyo waliokuwapo, hata wasio mabingwa, walikusanywa wakafundishwa namna ya kumtia mgonjwa oksijeni. Shule zikageuzwa kuwa mahali pa kuwalaza wenye maradhi mepesi, ili vitanda vya hospitali vibaki kwa mahututi. Magari ya wagonjwa yakanunuliwa kabla ya haja. Vikundi vya kuchanja vikatumwa vijijini kwa magari, badala ya kumngojea mzee wa mlimani ashuke mjini. Na tangu mwaka 2020, katika vijiji vya mto Narmada ambavyo watu wake waliogopa kutoka, mfanyakazi mmoja wa afya ya watoto, mwanamke kijana, alikuwa akipiga makasia kiasi cha kilomita 18 kwenda kuwapimia watoto uzito na kuwapelekea mama zao chakula. Mtambo haupigi makasia. Bila ya watu wa namna hii, mali yote ingalibaki mjini.

Majibu kwa wenye kupinga

Huenda mtu akasema: "Lau wimbi lisingalikuja, fedha zile si zingalipotea?" Jibu letu ni kuwa hazingalipotea. Oksijeni si dawa ya Korona peke yake. Mtoto mwenye kichomi huihitaji, mama aliyepoteza damu katika uzazi huihitaji, aliyepasuliwa huihitaji, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huihitaji. Hospitali ya wilaya isiyo na oksijeni huua watu kila mwaka bila ya wimbi lolote, ila vifo hivyo huja mmoja mmoja, hapana avihesabuye.

Na akasema mwingine: "Haya yote ni kumkimbia Mola na kadari yake." Jibu la huyu lilikwisha kutolewa zamani. Katika mwaka wa 18 wa Hijra tauni ilizuka Amwas katika nchi ya Sham. Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda huko, akafika mahali paitwapo Sargh, akapata habari. Akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureishi, akaamua kurudi na watu. Abu Ubaida, amiri wa jeshi la Sham, akamuuliza kama huku si kuikimbia kadari. Umar akamjibu, kwa maana yake, kuwa wanatoka katika kadari kwenda katika kadari, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliye baina ya bonde lenye majani na bonde kavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf akawapa habari ya mafundisho ya Mtume, kuwa tauni ikiwa katika nchi asiiingie aliye nje wala asiikimbie aliye ndani. Na baada ya kufa Abu Ubaida na Muadh kwa tauni hiyo, Amr bin al-As aliwatoa watu akawatawanya milimani mpaka ikaondoka.

Basi tazameni: shauri lilifanywa, mipaka ikawekwa, mikusanyiko ikatawanywa. Hawa walikuwa watu wa tawakkul kuliko sisi, wala hawakuiona tadbiri kuwa ni upungufu wa imani. Mwenye kujitayarisha hajadai kuwa amezuia mauti. Amedai tu kuwa hatawaua watu kwa uvivu wake.

Na sisi je?

Asiseme mtu kuwa Nandurbar ni mbali. Chanjo za kwanza zilizofika Kenya mwanzo wa Machi 2021, zaidi kidogo ya milioni moja, zilitengenezwa Pune, katika mkoa ule ule wa Maharashtra. Wimbi lilipoishika India, chanjo zilizuiwa zisitoke, na hapa Kenya muda baina ya chanjo ya kwanza na ya pili ukarefushwa kutoka wiki 8 hadi 12. Kisha virusi vile vile vya Delta vikaonekana Kisumu mwezi wa Mei, na tarehe 17 Juni 2021 serikali ikazifungia kaunti 13 za magharibi kwa amri ya kutotoka kuanzia saa moja ya usiku mpaka saa kumi ya alfajiri. Maradhi yalivuka bahari kwa siku chache, na dawa ikakwama bandarini. Hili latufunza kuwa mwenye kutegemea cha jirani peke yake atakikosa siku ile ile ambayo jirani naye atakihitaji.

Kujenga mahospitali ni kazi ya serikali na serikali za kaunti, wala hatuwavui jukumu hilo. Lakini yako mambo ambayo watu wa mtaa na kamati zao waweza kuyafanya, nasi twayataja manne.

La kwanza ni kuuliza. Watu wachague wajumbe watatu au wanne waende katika hospitali yao ya karibu, kwa adabu, waulize: Oksijeni yatoka wapi? Yatosha wagonjwa wangapi? Mtambo upo, na je, wafanya kazi? Umeme ukikatika kuna nini? Mara nyingi mtambo hununuliwa, ukazinduliwa kwa ngoma na hotuba, kisha ukalala kwa kukosa kipuri au fundi. Mtambo mbovu ni mbaya kuliko kutokuwa nao, kwa kuwa hudanganya.

La pili ni kuchangia kwa akili. Misikiti yetu mingi ina jeneza lake, limetunzwa, na kila mtu ajua lilipo na nani mwenye ufunguo. Hilo ni jema, na ni haki ya maiti. Lakini ni misikiti mingapi iliyowahi kuinunulia zahanati ya mtaa mtungi mmoja, au kifaa kimoja cha kupimia oksijeni? Tumejiandaa vizuri kumchukua mtu akiisha kufa. Yafaa tujiandae vile vile kumchukua akiwa hai. Sadaka na wakfu zaweza kumsomesha fundi wa mitambo au muuguzi mmoja, na faida yake ikaendelea miaka.

Hapa twatahadharisha jambo moja. Oksijeni ni dawa, na hukoleza moto. Asiihifadhi mtu nyumbani bila ya shauri la daktari, wala asirundike mitungi kwa khofu. Mwenye kuficha mitungi mitano akiwa mzima amewanyima wagonjwa watano.

La tatu ni daftari la mtaa: wazee waishio peke yao, wenye sukari, wenye pumu, wajawazito, wenye magari yawezayo kubeba mgonjwa usiku, wauguzi waliostaafu. Daftari hili halina gharama, na siku ya wimbi lina thamani kuliko hotuba mia.

La nne ni kusema kweli. Katika siku za Korona uvumi ulitangulia mbele ya dawa. Mwalimu, imamu na mzee wa mtaa ndio waaminiwao kabla ya redio. Wakinyamaza, mwongo atasema. Na wakisema wasilolijua, wao ndio watakaokuwa waongo. Basi wamuulize daktari kwanza, kisha wawaambie watu.

Masuala ya darasa

Ndugu zetu wasomao darasa hili pamoja, twawaomba wasiondoke kabla ya kujibiana haya:

1. Hospitali yetu ya karibu ina vitanda vingapi, na wagonjwa wangapi wapya kwa siku waweza kuijaza?
2. Kwa nini Delhi ilikosa oksijeni ilhali nchi inayo?
3. Ni kazi gani ya muuguzi wa oksijeni, na ni vitu gani vya mtaa wetu vipoteavyo kwa kukosa mtu wa kuvichunga?
4. Nani ataandika daftari la mtaa, na litaanza lini?

Suala la nne lisijibiwe kwa maneno. Litajwe jina la mtu na iandikwe tarehe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia katika maradhi yale, awalipe wauguzi na madaktari waliosimama vitandani mwao, na atujaalie tuwe wenye kujitayarisha kabla ya wimbi jingine. Wabillahi taufiki.